Kete Aliyoigusa Rafiq

Mungu anisamehe, maana Rafiq aliponisimulia haya mara ya kwanza nilimcheka.

Alikuwa akiandika historia ya timu ya sataranji ya kaunti, msimu mmoja wa katikati ya vile vita viwili vikuu. Mechi yao ya mwisho haikuisha, na ubao wake ulihifadhiwa vilevile ulivyoachwa, na saa ya kupimia zamu kando yake, katika chumba cha chini cha ukumbi mmoja huko Weston. Mchana mmoja akaenda kuupiga picha.

"Picha tu, mzee," alisema Lynette, mwenye funguo. "Ukichelewa nakufungia humo humo."

"Nifungie, mama, nipumzike na kelele za wajukuu!"

Farasi mweupe, mojawapo ya kete, alikuwa amekaa upande, basi Rafiq akamgusa kidogo amnyooshe. Taa ikazimika. Akapapasa hadi mlangoni; kitasa kikagoma. Akamwita Lynette, akagonga mpaka viganja vikauma, kimya. Nyuma yake saa ikaanza kutikatika, na kiti kikavutwa, kama mtu anakaa kusubiri.

Akasoma dua zote anazozijua. Mlango haukutikisika. Ndipo akakumbuka sheria ya mchezo: ukigusa kete, lazima uicheze. Akarudi gizani, akampapasa yule farasi, akamchezesha.

Saa ikanyamaza. Mlango ukafunguka wenyewe. Akiwa kizingitini akasikia kete nyingine ikitua ubaoni, taratibu, na saa ikaanza tena. Zamu ilikuwa yake, lakini hakugeuka.

Ndugu yangu, ukienda kumtembelea, nakuomba usimuulize kuhusu ile saa inayotikatika sebuleni. Kwao hakuna saa.