Sufi Kwenye Kola

"Hii ni nini?"

"Nini tena, mke wangu?"

"Hii hapa. Kwenye kola yako."

Mume akainama, akatazama kile kijiuzi cheupe kwenye ncha ya kidole cha mkewe. "Si uzi wa kwenye cherehani yako huo?"

Hapo akaharibu. Mkewe, Fundi, ameshona nguo za watu miaka kumi na mmoja. Unaweza kumdanganya kuhusu mambo mengi, lakini si kuhusu nyuzi. Ile ilikuwa sufi, ya kujazia mito ya kulalia. Na mito yote ya nyumba ile ilikuwa ya sponji; godoro la sufi la mama mkwe, mume halilalii. Sasa huyu bwana amelalia mto wa nani?

"Haya," akasema, akaenda zake kufua.

Majirani walimwita mumewe Mpole. Kazi yake ilikuwa kukaa dirisha la malalamiko la ofisi ya maji, kutukanwa tangu asubuhi na watu waliokaukiwa mabomba, na kujibu, "Poleni, tunalishughulikia." Nyumbani vilevile. Mama yake Fundi alikuja kuwatembelea wiki mbili, sasa ni mwezi wa tisa, na kila alichopanga upya humo ndani Mpole alisema, "Hamna neno." Fundi alijiuliza: mtu gani hakasiriki miaka sita mizima? Jibu alilopata lilimnyima usingizi. Ni mtu mwenye kwingine pa kwenda.

Maana kila Jumamosi alikuwa na safari yake. Anatoka mchana, anarudi jioni shati limelowa, sauti imemkauka, uso unang'aa kama bwana harusi.

Jumamosi hiyo Mpole akiwa bafuni, simu yake ikalia. Namba haikuwa na jina. Fundi akasoma: "Njoo saa kumi. Wenzangu wameshaondoka, niko peke yangu. Leo utachoka mwenyewe."

Akampigia rafiki yake msusi.

"Shoga, nimemkamata."

"Nisomee."

Akamsomea.

"Utachoka mwenyewe? Mungu wangu! Nisubiri, naacha kichwa cha mteja nusu, nakuja."

"Usije. Nikimkuta naye, leo hii naondoka. Begi nimeshafunga, liko chini ya meza ya kukatia."

Akamfuata mumewe kwa mbali, akapita maduka, akapita karakana ya maseremala, mpaka kwenye geti la bati. Mpole akaingia bila kubisha, mtu aliyezoea. Fundi akatega sikio. Kwanza kimya. Halafu vishindo, na kicheko cha mwanamke.

"Piga! Usiionee huruma!"

Fundi akalisukuma geti kwa bega.

Banda zima lilikuwa jeupe kwa sufi inayopeperuka. Katikati, Mpole kifua wazi, fimbo mbili mkononi, alikuwa anatwanga lundo lililotolewa kwenye magodoro makuukuu. Bibi wa miaka sitini na kitu amekaa kwenye kigoda, kitambaa puani. Mpole alikuwa amegeuza mgongo, anafoka kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia.

"Mabomba sikuyatoboa mimi! Sikuyatoboa! Wiki mbili! Mlisema wiki mbili! Na wewe, mke wangu, unaninusa mashati kama mbwa wa polisi, hata siku moja huniulizi nina nini!"

"Una nini?" Fundi akauliza.

Fimbo zikamdondoka.

Bibi ndiye aliyewahi kusema. "Mwanangu, mimi natengeneza magodoro. Sufi ikiganda lazima ipigwe mpaka ifumuke. Mwenzio alileta godoro la mama yako, akaomba aipige mwenyewe. Akapiga mpaka akalia. Tangu siku hiyo vijana wangu wakitoka, namwita."

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kisha hasira ikapanda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie mama yako ananichosha? Ungeniacha."

"Nilikuwa nakuacha leo! Nguo zangu ziko kwenye begi! Miaka sita hujanipandishia sauti hata mara moja. Nilijua hunijali hata kiasi cha kugombana na mimi!"

Akaokota fimbo moja, akaitandika ile sufi. "Hamna neno! Hamna neno! Nimechoka na hilo hamna neno lako!" Akapiga mpaka kilemba kikaanguka, akalia kwa sauti, na Mpole hakumnyamazisha. Aliokota fimbo ya pili, wakapiga wote.

Walipotoka, wote wawili weupe kichwani, ugomvi ulikuwa ndio kwanza unaanza.

"Hukutakiwa kunifuata."

"Na wewe hukutakiwa kunificha! Tena mimi..."

"Usinikatize, bwana! Naongea!" Mpole akafoka.

Watu wa dukani waligeuka. Fundi hakuwa na haja ya kujidanganya: alifurahi.

"Ongea basi," akasema, akamshika mkono.

Mpole akaongea. Ofisi, foleni, mama, kitanda chao wenyewe walichoacha kukizungumzia, yote. Walipofika kwao alikuwa bado.

"Sijamaliza," akasema Mpole.

"Basi tupitilize."

Mama akachungulia dirishani. "Nyie! Mbona mnapita nyumba? Mnakwenda wapi?"

Wakakata kona, Mpole bado anaongea.