Stempu za Maonyesho ya Brasels

Mwaka wa hamsini na nane, mtu angeniambia nisimwamini Chepkurui, ningemtukana mpaka asahau njia ya kwao. Na matusi niliyajua. Mdomo wangu ulijulikana Nakuru nzima: ndio ulioongoza kwaya kanisani, na ndio uliowatimua wauza maziwa wanaotia maji. Kwa hiyo jioni ile aliponiambia, "Jepkorir, nimepata mtu ana zile stempu zako," nilijitanda leso nikamfuata bila kuuliza ni nani.

Stempu zenyewe zilikuwa za maonyesho makubwa ya dunia yaliyofunguliwa Brasels, Ubelgiji, mwaka huo. Nilikuwa nafua nguo kwa mzungu mmoja, na bahasha alizotupa niliziokota, nikaziloweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka stempu ibanduke yenyewe, kisha nikaianika juu ya gazeti. Mume wangu alisema mwanamke mwingine angeokota kuni. Za maonyesho yale nilikuwa na tatu tu, zenye picha ya lile jumba la ajabu la mapira ya chuma yaliyounganishwa kwa nguzo. Nilizitaka zote, kama mja mzito anavyotaka udongo.

Chepkurui alikuwa rafiki yangu tangu tukichunga ndama pamoja, na sasa tuliishi ua mmoja. Siri zangu zote alikuwa nazo. Nami nilimbeba Rael, bintiye, mgongoni kama wangu. Rael alikuwa na miaka saba na hajawahi kutamka neno. Alisikia vizuri, alicheka bila sauti, basi.

Tulivuka reli tukashuka kuelekea ziwani. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya milima ya Mau, na upepo ulileta harufu ya magadi na kinyesi cha flamingo. Chepkurui, ambaye hunyamaza akiwa usingizini tu, hakusema kitu njia nzima.

"Una nini wewe?"

"Ni baridi tu."

Nyumba ilikuwa ya mabati, haina jirani. Akabisha.

"Ingieni..."

Ilikuwa sauti ya msichana, laini kabisa. Lakini ndani hamkuwa na msichana. Alikuwemo mzee mmoja mrefu mbele ya koroboi, koti limefungwa vifungo hadi shingoni, midomo imekauka na kupasuka.

"Chamgei, mama," akanisalimia kwa lugha ya kwetu. Sasa ilikuwa sauti ya mwanamume mnene, mwenye kikohozi.

Nikamgeukia Chepkurui. Alikuwa anatazama sakafu.

Ningetoka. Lakini mezani zilikuwapo zote, seti nzima, mpya, hazijapigwa muhuri, na kando yake kadi nyeupe ya kuzibandikia. Ndio ujinga wa mkusanyaji: shetani akiwa na stempu unayoikosa, utamvutia kiti mwenyewe.

"Ni zako," mzee akanong'ona, kwa sauti nyingine tena. "Lakini zibandike hapa hapa. Kwa ulimi."

Kwetu mate si maji. Mzee akikubariki anakutemea kifuani, maana maneno yake yamo humo. Nyanya yangu alikuwa akifukia mate yake kwa mguu, asimwachie mtu. Lakini stempu? Makarani wa posta hulamba stempu mchana kutwa, na jioni wanaenda kugombana na wake zao kama kawaida. Sikuona ubaya.

Nikalamba ya kwanza. Ilikuwa tamu. Gundi ya stempu naijua, haina utamu ule.

Nikalamba ya pili. Kukawa kimya... kimya sana... hata kelele za ndege ziwani sikuzisikia tena.

Ya tatu. Koo likanikauka.

Nililamba, nikabandika, nikalamba, nikabandika, mpaka ikabaki moja. Mzee akaifunika kwa kiganja.

"Hii nilambie tu. Inabaki kwangu."

Nikailamba. Akaichukua ikiwa bado mbichi na mate yangu, akaiweka chini ya ulimi wake. Akafumba macho.

"Asante, mama," akasema.

Kwa sauti yangu.

Nilifungua mdomo kupiga mayowe. Ilitoka hewa tupu. Nikamtafuta Chepkurui. Mlango ulikuwa wazi, naye ameshaenda. Nilikimbia gizani peke yangu, kadi mkononi, nikianguka na kuinuka, na nyuma yangu nilisikia mtu akiniaga vizuri, kwa sauti yangu mwenyewe.

Asubuhi niliamshwa na wimbo uani. Ulikuwa wimbo wangu wa Jumapili, na pale mwisho umevutwa ninavyouvuta mimi. Nikachungulia. Rael alikuwa akiruka kamba, kinywa wazi, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu, sauti ya mwanamke mzima ndani ya kifua cha mtoto.

Majirani walilia kwa furaha. Mchungaji alisema ni muujiza. Chepkurui alipiga magoti kanisani akamshukuru Mungu mbele ya watu wote, nami nimekaa benchi la nyuma, bubu, na hakunitazama hata mara moja. Nilimchukia. Angeniomba! Labda ningekataa, lakini angeniomba kwanza, badala ya kuniongoza kwa mkono kama mbuzi wa kuchinjwa.

Nilimwelekeza mume wangu kwa ishara, tukarudi kule. Tulikuta kinyesi cha popo na majivu ya zamani. Wachungaji wa ng'ombe walituambia hapajakaa mtu tangu wakati wa vita.

Ndipo nikawaza: kilichobandikwa kwa mate hubanduka kwa maji. Nikapasha maji, nikayamimina kwenye beseni, nikaloweka stempu moja kutoka ile kadi. Ilipojitenga, ule utamu ulipanda puani, nikakohoa, na neno likanitoka.

"Chai."

Nikacheka, nikalia. Chai! Chai! Ni hilo tu lililotoka, lakini lilikuwa langu. Uani, Rael alikuwa akimwomba mama yake kitu. Akakwama. Akafungua kinywa, akafunga, akaishia kuonyesha birika kwa kidole. Chepkurui akageuka taratibu, akatazama dirisha langu.

Jioni hiyo nikachochea moto chini ya sufuria kubwa. Kadi nzima ingeingia.

Mlango ukabishwa. Nilipofungua niliona mgongo wa Chepkurui ukipotea kwenye kona. Alikuwa amemwacha Rael kizingitini, amemvika gauni la Jumapili na kumpaka mafuta.

Mtoto akaingia, akakaa kwenye kigoda, akaanza kusema. Alisimulia jinsi ndama alivyokufa, yeye akashindwa kumwambia mtu. Alisimulia jinsi mbwa alivyomng'ata, yeye akashindwa kuita. Mambo ya miaka saba yalimtoka bila kupumua, kwa sauti ile ile niliyoimbia harusi yangu.

"Mama mdogo, mimi nakupenda tangu zamani," akasema. "Nilikuwa tu siwezi kusema."

Chepkurui ananijua. Alijua hakuna mtu mwingine wa kumtuma anizuie. Kunipeleka kwa yule mzee kuliniuma, lakini hili liliniuma zaidi.

Maji yalipoa, kadi ingali mkononi mwangu. Nikayapasha tena. Mtoto alikuwa bado anaongea.