Nywele za Chigusa

Mama Sanuki, yaya aliyemlea Malkia Towako tangu ananyonya, ndiye aliyeuona unywele ndani ya bakuli la uji. Akaushika kwa ncha za vidole, akauvuta. Ukaja. Akavuta tena, ukazidi kuja, mweusi, umelowa, mrefu kumpita yeye mwenyewe, na bakuli lenyewe lilikuwa dogo la kushikwa kiganjani. Akaufutika ndani ya mkono wa vazi lake, akampa Malkia uji ule ule, maana siku za kujifungua zilikuwa zimewadia na hakutaka kumtia hofu.

Mji mzima ulimsifu Malkia Towako kwa dini. Alinunua samaki wakiwa hai, akawaachia bwawani waende zao. Nyama hakuigusa, na mbu akimuuma alimpuliza tu. Lakini tusidanganyane, huruma yake waliijua samaki tu. Miaka ilipopita bila mtoto, na ndugu zake wakaanza kunong'ona kwamba Mfalme ataletewa mke mwingine, aliweka nadhiri ya kudarizi sura ya Buddha kitambaani kwa nywele za binadamu, zile ndefu kuliko zote ikuluni. Hizo zilikuwa za Chigusa, mmoja wa wanawake waliomhudumia, binti wa watu aliyekwisha kuposwa.

"Zitoe kwa moyo mweupe, thawabu tutagawana," Malkia alimwambia.

"Bibi yangu, nihurumie. Humu ndani mwanamke asiye na nywele ni nani?"

"Ni mtawa. Kwani utawa ni aibu?"

Wanawake wanne wakamkalia, mkasi ukafanya kazi yake. Mchumba wake aliposikia akaacha kuleta salamu. Chigusa akapelekwa nyumba ya watawa, kwenye milima ya kaskazini, na hakuna aliyemuulizia tena. Malkia akashika mimba. Buddha wa nywele akatundikwa katika chumba cha uzazi, kati ya mapazia meupe, na kila aliyeingia alimwinamia.

Baada ya unywele ikaja harufu ya kichwa kilichofungwa kabla ya kukauka. Kisha sauti ya kitana nyuma ya pazia, ikishuka polepole, ndefu.

"Nani anachana nywele huko?" Malkia aliuliza.

"Hakuna mtu, bibi."

"Basi mwambie huyo hakuna mtu aache."

Kitana hakikuacha. Uchungu ulimshika asubuhi, jua likiwaka vizuri kabisa, askari wakavuta nyuzi za pinde uani kufukuza pepo, na mtoto hakushuka, na kadiri Malkia alivyosukuma ndivyo kitu kilivyomvuta ndani, na mkunga alipoingiza mkono kumsaidia alihisi vidole vyake vinasukwa taratibu, kimoja juu ya kingine, kama anavyosukwa mtoto wa kike, akautoa mkono kwa kelele na hakukubali kuurudisha.

Ikabidi aitwe Mtawa Ryoshun, mpunga pepo wa ikulu, na kiti wake, msichana wa kupandishiwa pepo. Alisoma mpaka sauti ikakwaruza. Msichana akatetemeka, akacheka.

"Nani wewe?" Ryoshun akauliza.

"Chigusa. Mmeshanisahau?"

Ryoshun akaanza kumsomea sala za wafu. Msichana akamtazama kwa kumhurumia.

"Unamsomea nani, baba? Mimi sijafa. Nimelala huko mlimani, homa imenishika. Nikiamka sina habari ya hapa. Siji kwa kutaka. Nikifumba macho tu, najikuta niko naye."

Ryoshun akageuka, jasho linamtoka. "Malkia, huyu ni roho ya mtu aliye hai. Atumwe mtu akamwamshe, ampelekee nywele zake, na ujumbe wako wa kumwomba radhi. Akisamehe, imekwisha."

"Nimfumue Buddha? Dhambi hiyo aibebe nani?" Malkia alisema huku anauma meno. "Nimwombe radhi mtumishi? Na leo akiamka, kesho halali?"

Akamvuta Sanuki karibu, akamnong'oneza. "Mwambie kaka yangu apeleke watu. Wamlaze moja kwa moja."

"Mwanangu, ni mtawa yule!"

"Ndiyo maana nasema damu isimwagike. Tuko kwenye uzazi, tusijitie najisi. Mto wa kulalia unatosha."

Sanuki alilia, lakini akaenda. Farasi wakatoka.

Mchana ukapita kwa mateso. Kisha, ghafla, kitana kikanyamaza. Msichana wa kiti akaanguka, akaamka akiomba maji, mwepesi kabisa, macho yake mwenyewe. Harufu ikakatika. Na mtoto akateleza mikononi mwa mkunga: wa kiume, mzima, analia. Watu walipiga kelele za furaha, wengine wakakimbilia kwa Mfalme, na Sanuki akamwosha mjukuu wake wa kulea huku akimshukuru Buddha na kujichukia.

Ryoshun peke yake hakufurahi. "Wale farasi walikwenda wapi?" akamuuliza Sanuki chini chini.

Akamwambia.

Mtawa akaketi pale pale sakafuni. "Mlikuwa na mgeni aliyelazimika kurudi kwake kila akiamka," alisema. "Mmembomolea nyumba."

Ndipo Malkia alipoinuka kitandani. Hakuwa na uchovu wa mzazi hata kidogo. Alijipapasa kichwani, akazishika nywele zake ndefu kwa mikono miwili, akazinusa, akatabasamu kwa aibu kidogo, kama mtu aliyerudishiwa chake. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ile ya upole, yenye kuburuta maneno, ambayo wote mle chumbani waliwahi kuisikia ikiomba huruma.

"Nimepumzika sasa," alisema. "Mlete mtoto wake."

Sanuki akamkumbatia mtoto kifuani, akamtazama Ryoshun, na Ryoshun akatazama chini. Nyuma ya macho ya Malkia kulikuwa na mtu mwingine anayepiga kelele bila sauti, na Sanuki alimjua, alimlea.

"Mama Sanuki, nimesema niletee."

Katika ikulu ile hakuna aliyewahi kumwambia Malkia hapana. Sanuki akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akamkabidhi mtoto kwa mikono miwili.