Simu Iliyoachwa Getini

"Weka simu bwana, tunasubiriwa sisi tu."

Mkemia alisema hayo huku akihangaika na kofia ngumu iliyokuwa ndogo kwa kichwa chake. Mbele yao mlinzi alikuwa amenyoosha sinia la plastiki lililojaa simu za wageni. Simu hazikuruhusiwa kuvuka geti lile. Ndani kulikuwa na gesi ambazo cheche moja tu inatosha kuziwasha, na wenyeji wao walikuwa wakali kwenye hilo.

Filimbi hakuweka yake. Alikuwa ameganda, anausoma tena ujumbe ulioingia muda huo.

"Nimeiona picha. Kumbe ndiyo maana simu yako inazimwa kutwa nzima. Ukirudi pete mpe dada yangu. Usinipigie."

Mlinzi akakohoa kidogo. Filimbi akaanza kuandika jibu, akafuta, akaandika tena, akafuta.

"Kuna msiba?" Mkemia akauliza.

"Nimeachwa."

"Na nani?"

"Mtu ana wachumba wangapi?"

Akaitupa simu kwenye sinia, akaingia ndani kabla machozi hayajashuka.

Kule kwao alikuwa afisa usalama wa kiwanda cha kugandisha nyama na mboga. Jina la Filimbi alipewa na wafanyakazi, kwa sababu akimwona mtu bila viatu vya kazi anapuliza hadi mtu anarudi mwenyewe kuvivaa. Mwanaume aliyemvisha pete alikuwa fundi wa mitambo ya baridi hapo hapo kiwandani, mpole, msema kidogo, wote wanamwita Barafu. Walipoanza kupendana watu walicheka, eti filimbi imepata mtu wa kunyamaza naye.

Aliyekuwa hacheki ni mama yake Barafu. Siku Filimbi alipopelekwa kutambulishwa, mama alimtazama juu mpaka chini, akasema, "Mwanamke aliyezoea kuamrisha wanaume, nyumbani atashuka?" Barafu akainamisha kichwa. Filimbi alimeza maneno yale na chai yake, akaaga kwa adabu.

Kisha ikaja safari. Kiwanda kilimchagua kwenda ng'ambo kwa ziara ya mafunzo, pamoja na wenzake wa viwanda vingine, Mkemia akiwa mmoja wao, kujifunza namna ya kuzuia majanga ya viwandani na kuyakabili yakitokea. Huko kutwa walikuwa ndani ya mitambo, na simu zao getini. Jioni akimpigia Barafu, kwao ni zamu ya usiku, simu ya Barafu iko kabatini. Wakawa wanapishana kama jua na mwezi. Na picha yenyewe ilitoka kwenye ukurasa wa wenyeji wao: Mkemia amesimama nyuma ya Filimbi, mikono yake iko kichwani kwa Filimbi, uso wake karibu na shingo. Alikuwa anamkazia mkanda wa barakoa ya hewa. Lakini aliyeikata picha na kumtumia Barafu aliiacha barakoa nje.

Siku ile hawakuonyeshwa matangi wala mabomba. Walipitishwa ndani ya kiwanda hadi mlango wa nyuma, wakatokea mtaani, nyumbani kwa mama mmoja msusi aliyekuwa mjumbe wa kamati ya wakazi na kiwanda. Sebuleni kwake mlikuwa na viti viwili vya kusukia na kioo kirefu. Mkalimani akakaa kimoja, msusi akabaki amesimama.

"Miaka hiyo gesi ilipovuja tulikimbia," msusi alieleza, mkalimani akifuata. "Sote tulikimbilia barabarani, maana ndiko mtu anakokimbilia. Siku hiyo barabara na upepo vilielekea upande mmoja. Tulikuwa tunakimbia na gesi mgongoni. Mume wangu alikuwa na mbio kuliko mimi. Mimi nilianguka, nikatambaa pembeni shambani. Ndiyo maana mnaniona."

Msusi akanyoosha taulo lililokuwa kwenye kiti kitupu.

"Sasa kila mtoto wa mtaa huu anajua," akaendelea. "Usiukimbie upepo kwa kwenda nao. Ukate. Nenda pembeni yake."

Akawaonyesha dirishani kitambaa kirefu kama soksi kilichoning'inia juu ya mlingoti, kinaelekea upande upepo unakokwenda. Kila kona ya mtaa ilikuwa na chake.

Filimbi aliandika yote. Lakini kichwani alikuwa anapigana na neno moja tu: usinipigie.

Walipotoka na kurudi getini alichukua simu yake kwenye sinia. Palikuwa na simu nyingi zilizopigwa bila kupokelewa, zote kutoka namba moja: Mama B. Mama yake Barafu hakuwahi kumpigia hata kumsalimia. Kabla hajafikiri, ikaita tena.

"Hallo mama, shikamoo."

"Shikamoo baadaye. Mwanangu yuko wapi?"

"Mama, mimi niko ng'ambo."

"Najua uko ng'ambo. Asubuhi hii hakurudi na wenzake wa usiku, kamshikia mwenzake zamu ya asubuhi. Hapokei simu. King'ora cha kiwanda kinalia, macho yananichoma kama nimemenya vitunguu gunia zima. Si wewe ndiye mwenye mambo haya? Sema."

Nyumba ya mama ilikuwa mgongo kwa mgongo na ukuta wa kiwanda, na mitambo ya baridi hupoza kwa amonia, gesi ichomayo macho na kifua. Filimbi aliijua vizuri.

"Mama, uko wapi sasa hivi?"

"Natoka. Naenda getini kumtafuta."

"Usiende getini."

"We binti, usinipangie. Yule nimemzaa mimi."

"Umemzaa, ndiyo maana nakuomba. Akitoka mzima akakuta wewe umelala pale getini, nitamwambia nini?"

Upande wa pili hatua za mama zikasita.

"Mama?"

"Nipo."

"Nguo zako za kwenye kamba zinapepea kuelekea wapi?"

"Nguo? Mtu anakufa unaniuliza nguo?"

"Zinaelekea wapi, mama?"

"Zinaelekea huku barabarani. Kituo cha basi. Na watu wote wanakimbilia huko."

"Unaona ukungu mweupe?"

"Uko juu ya ukuta. Haujashuka kwangu."

"Basi usiende barabarani. Upepo unawafuata. Chukua khanga, iloweshe maji, funika pua na mdomo. Halafu toka kwa mlango wa jikoni, pita pembeni, nenda uwanja wa mpira. Usikimbie sana, utavuta hewa nyingi. Na usikate simu."

"Na hawa wanaokimbilia barabarani?"

"Waite, mama. Una sauti wewe."

Filimbi akasikia maji yanamwagika kwenye beseni, mlango unabamizwa, kisha sauti ya mama ikapaa: "Huko siko. Nyie, huko siko. Njooni uwanjani. Mwenye mtoto abebe, mwenye mzee amshike. We mwenye baiskeli, mpakie huyo mjamzito. Mkwe wangu kasema huko siko."

Filimbi aliposikia neno mkwe alijiziba mdomo kwa kiganja. Mkemia, aliyekuwa amesimama kando, akamvutia benchi la mlinzi, akamkalisha.

Simu ikakatika.

Akapiga, haipatikani. Akapiga ya Barafu, inaita mpaka mwisho. Akapiga tena, inaita mpaka mwisho.

"Hapokei," akasema.

"Labda iko kabatini," Mkemia akasema. "Si ndiyo sheria yenu?"

"Ndiyo. Niliiweka mimi."

Basi la wageni likaja. Mkemia akalipungia liende. Wakakaa pale, watu wawili wenye kofia ngumu kwenye benchi moja. Msusi alipopata habari alikuja na glasi ya maji, akampa Filimbi, akakaa upande wake wa pili. Hawakuwa na lugha moja. Alimshika tu mkono, akauweka mapajani mwake kama anashika wa mwanawe.

Simu ilipolia ilikuwa namba ngeni.

"Ni mimi."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ni yake.

"Pumua nikusikie," Filimbi akasema.

"Eh?"

"Pumua."

Barafu akavuta pumzi, akakohoa, akavuta tena.

"Tena."

"Napumua mama watoto, napumua. Gari la kubebea makreti limerudi nyuma likagonga bomba. Mimi na mwenzangu tulivaa zile barakoa ulizotulazimisha kuzifanyia mazoezi, tukaenda tukafunga vali inayopitisha gesi. Macho yanawasha, tumeoshwa, daktari anatuangalia. Hakuna aliyekufa."

"Hakuna?"

"Hata mmoja. Wa ndani tumehesabiana, wote wapo. Wa nje wako uwanjani, mama ndiye kawapanga. Nimemkuta anamfokea mwenyekiti wa mtaa kwa kukaa upande mbaya wa upepo."

Filimbi akacheka, kicheko kikageuka kilio, na kilio hakikutaka kukoma. Msusi akamtazama Mkemia kwa wasiwasi. Mkemia akainua dole gumba, na msusi akashusha pumzi, akajifuta jasho la usoni.

"Sikia," Barafu akaendelea taratibu. "Nimefungua kabati nikakuta umenipigia mpaka nimeona aibu, kisha simu ikazima chaji, ndiyo nimeazima hii. Nikajiuliza, ungedhani sipokei kwa kuwa niko na mwanamke?"

"Nilidhani umekufa."

"Na mimi nilipokosa simu zako nilidhani..."

"Ulidhani nini? Malizia."

"Ujinga. Nilidhani ujinga."

Mkemia akanyoosha mkono. "Hebu nipe nisalimiane naye."

"Muache."

"Nipe tu."

Akaichukua simu. "Shemeji, habari za hatari? Mimi ndiye mwenye mikono kwenye hiyo picha. Nilikuwa nafunga barakoa ya mchumba wako, tena nikakosea, mkufunzi akanifokea mbele za watu. Mie nina mke, na mke wangu haniamini hata kufunga mtungi wa gesi jikoni. Naomba uishi kwa amani."

Barafu akacheka hadi akakohoa. Filimbi akapokonya simu.

"Usidhani yameisha," akasema. "Uliniacha kwa ujumbe. Nikiwa nchi ya watu."

"Najua."

"Hukuniuliza hata swali moja."

"Najua. Nimekosa. Sina cha kujitetea."

"Nikirudi utaniambia hayo usoni. Leo pumzika, osha macho, na usimwache mama peke yake."

"Pete je?"

Filimbi akaitazama kidoleni. "Ipo mahali pake. Dada yako atafute ya kwake."

Siku ya kurudi uwanja wa ndege ulikuwa umejaa. Alimwona Barafu kabla Barafu hajamwona, kasimama pembeni ya nguzo, macho bado mekundu kidogo, shati limepigwa pasi mpaka limekakamaa. Pembeni yake alikuwa mama, khanga begani.

Barafu akamfuata, akaacha hatua moja katikati yao.

"Nilikukosea," akasema. "Nilimwamini mtu aliyekata picha, nikaacha kumwamini mtu ninayemjua. Ukinikataa sitakulaumu."

"Aliyeikata ni nani?"

"Karani wa mauzo. Nilimfuata nikamuuliza, akasema alikuwa anatania. Nimemwambia utani wake ulitaka kunivunjia nyumba kabla sijaijenga."

"Na kesho ukiletewa nyingine?"

"Nitakupigia. Usipopokea nitasubiri upokee."

Filimbi akasogea ile hatua moja mwenyewe, akaweka paji la uso kifuani kwake. Barafu akamzungushia mikono.

Mama akaguna. "Haya, watu wanatutazama. Binti, lete hilo begi."

"Zito mama, niache."

"Nimesema lete." Akalishika, wakatangulia wawili hao mbele, Barafu nyuma. "Mimi nilisema maneno siku ile," mama akasema bila kumtazama. "Kwamba hutashuka."

"Yamepita, mama."

"Hayajapita, nimekaa nayo. Ungekuwa mtu wa kushuka, siku ile ningefika getini. Mjamzito yule kajifungua. Mama yake ananiita shujaa, namwambia hapana, mwenyewe yuko ng'ambo."

"Wewe ndiye uliyewaita, mama."

"Nilipiga kelele tu. Kelele ninazo." Akasimama, sauti ikashuka. "Ukija kwangu usije kama mgeni tena. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Kazini Filimbi hakupewa shida. Meneja, ambaye zamani alikuwa akiona mazoezi ni kupoteza muda wa uzalishaji, alimwita ofisini na kumuuliza anataka nini. Akataka soksi za upepo mtaani, mazoezi ya pamoja na wakazi, na kamati ambayo wakazi wana sauti ndani yake. Meneja akakubali yote. Mama B. akachaguliwa mjumbe bila kupingwa, maana hakuna aliyethubutu.

Harusi ilifuata, katika ukumbi mdogo uliojaa kupita kiasi. Majirani wa ukuta wa kiwanda walikuja wote. Mkemia alisafiri na mkewe, akatambulishwa kama mtu wa picha, watu wakacheka mpaka meza zikatikisika. Msusi naye alipiga simu ya video, amezungukwa na wateja wenye vichwa nusu vimesukwa, akapunga mikono miwili.

Hotuba zikaanza. Mjomba wa bwana harusi alipofika kwenye nasaha yake ya nne au ya tano, Barafu alihisi uzito begani. Bibi harusi alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkono wake ndani ya wake.

"Muamshe," shangazi mmoja akanong'ona. "Mjomba hajamaliza."

"Muache," mama B. akasema. "Mwanangu kachoka."

Akavua khanga yake begani, akamfunika.