Namba Kumi na Tisa

Siku ya Jumatano mjini Falmouth mguu hauna pa kukanyaga. Wachuuzi wametandaza nguo na sufuria chini hadi ukingoni mwa barabara, meli ya watalii imetia nanga, na foleni ya duka la pati za nyama pale Water Square imetoka mlangoni, imepinda, na imeanza kugombana yenyewe kwa yenyewe.

"Wapendwa, tusogee kushoto! Kushoto, mama, asante sana. Mwenye mtoto apite mbele. Baba, ingiza mguu wako ndani usije ukakanyagwa."

Mwenye sauti alikuwa Jodian Frater, dada wa miaka ishirini na tisa, nywele kasuka mistari, fulana ya bluu yenye picha ya boti mgongoni. Wala hakuwa na habari kwamba anapanga watu. Kwa miaka saba kila jioni alikuwa akiwapakia wageni kwenye boti na kuwapeleka kwenye ile ghuba ambayo maji yake huwaka yakiguswa, na kazi ilikuwa imemwingia hadi kwenye mifupa.

"Dada," ilisema sauti nyuma yake, "hii ni foleni ya pati. Haizami."

Watu wakaangua kicheko. Jodian akageuka, amekunja uso. Aliyesema alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, suruali ina madoa ya grisi lakini shati jeupe limepigwa pasi kama la bwana harusi.

"Ingezama, wewe ungekuwa wa kwanza kuruka."

"Mimi? Mimi hata mvua naiogopa."

"Ndiyo maana unanuka friji."

Yule bwana akainusa mikono yake, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, kwa makini kabisa. "Friji zina harufu?"

"Ya gesi, na samaki wa wiki iliyopita."

"Basi umenijua. Lerone Tulloch, fundi friji. Yako ikikataa kugandisha, nipigie."

Jodian hakuwa na friji. Alikuwa na chumba cha kupanga huko Rock, kitanda, redio na jiko la gesi. Hata hivyo namba aliiandika, na yake akampa.

Hakuhitaji kuipiga. Lerone alipiga yeye, jioni ileile.

"Naongea na nahodha wa foleni?"

"Nani mwenzangu?"

"Mnuka samaki."

"Subiri kwanza nizibe pua."

Wakacheka, na kile kicheko kikawa ndicho mlango. Baada ya hapo simu haikupoa. Asubuhi: "Umeamka, mrembo, au nije kukumwagia barafu?" Mchana: "Umekula nini, usinidanganye." Saa tatu usiku, wageni wakishaondoka, Lerone humngoja nje ya geti la gati na samaki wa kukaanga na mkate wa muhogo, bado wa moto, amefunga kwenye gazeti na kulikumbatia ndani ya koti.

Lazima niseme ukweli kuhusu Jodian, maana watu wa Falmouth walimwona mcheshi wakadhani ana watu. Hakuwa na mtu. Wageni ishirini walimpenda kwa saa moja na nusu kila jioni, wakamkumbatia, wakapiga naye picha, wakaahidi kuandika. Kufika saa tatu walikuwa kwenye mabasi yao, na yeye anarudi chumbani akiwa na koo lililokauka na hana hata mmoja wa kumwambia kwamba limekauka. Miaka saba si mchezo.

Basi Lerone alipokuja, alikuja kama maji kwa mwenye kiu. Jioni moja mvua iliwazuia wageni, na nahodha Bascoe, mwenye boti, mzee mwenye tumbo na roho nzuri, akawaazima kiboti cha makasia. Mwezi ulikuwa haujatoka. Kila kasia likiingia majini liliwasha moto wa buluu na kuuzima.

"Jodian."

"Sema, laazizi."

"Nikikuambia kitu, utacheka?"

"Kwani kinachekesha?"

"Hapana."

Akamwambia. Alipokuwa na miaka saba mama yake alikwenda Uingereza kutafuta maisha, akamwacha kwa bibi. Kila Krismasi lilifika pipa: mchele, sabuni, nguo, na viatu vyeusi vya kanisani. Viatu vilikuwa vidogo kila mwaka, kwa sababu mama alikuwa bado anamkumbuka yule mtoto aliyemwacha. Bibi alitaka picha ya kumpelekea. Basi Lerone alikunja vidole, akavisukuma ndani, akatembea hadi kanisani na kurudi akitabasamu, akapigwa picha. Mama akaona picha, akaamini vimemtosha, mwaka uliofuata akatuma vidogo vilevile.

"Nilifanya hivyo miaka sita," alisema. "Nilihofu nikimwambia havinitoshi atajua nimekua bila yeye, aone hakuna haja tena ya kutuma. Hili sijamwambia mtu. Hata bibi."

Jodian aliishika miguu miwili ya Lerone gizani, akaiweka mapajani. Kwa kweli usiku ule hakukosea kitu.

Alikosea wiki tatu baadaye. Ilikuwa mbalamwezi, na mwezi ukiwaka maji hayawaki. Wageni walinung'unika kwamba wameibiwa. Jodian alimaliza vichekesho vyote, akaishiwa kabisa, na mdomo wake, ule uliozoea kuokoa boti, ukasema, "Ngoja niwasimulie habari za kijana mmoja wa hapahapa Trelawny." Akasimulia viatu. Jina hakutaja. Ila mwishoni aliona nyuso zimekuwa nzito mno, akaongeza la kwake: kwamba kijana alichukua kisu akakata ncha za viatu, akaingia kanisani vidole kumi vyote vikichungulia nje, mchungaji akapoteza mstari wa wimbo. Wageni walicheka huku wakifuta machozi. Hakuna aliyekumbuka tena kunung'unika.

"Hiyo," alisema Bascoe wakifunga kamba, "tutakuwa nayo kila siku. Umeitoa wapi?"

"Kichwani," alijibu Jodian.

Akajipoza moyo kwamba jina hakutaja na hakuna aliyeumia. Ajabu ya binadamu, akijisemea jambo mara thelathini linakuwa kweli. Na yeye alisimulia zaidi ya mara thelathini.

Mwezi wa Novemba, siku ya giza kuu, Lerone hakupiga simu mchana. Jodian alimtumia ujumbe: "Umenisusa, mpenzi?" Akajibiwa: "Nina kazi ndefu leo. Tutaonana." Jioni gatini umeme ulikuwa umekatika na manyunyu yanaanguka. Bascoe alimsukuma kuelekea mbele ya boti.

"Kaa na wale wenye sherehe ya kuzaliwa, wanakutaka wewe. Hawa wa nyuma nitawapanga mimi."

"Leo umekuwa mchangamfu, nahodha. Umekunywa?"

"Nimekunywa chai. Nenda mbele, binti."

Kwenye boti ile kulikuwa na utaratibu mmoja ambao Bascoe hakuuvunja hata siku moja. Kila abiria alipewa namba. Taa zote huzimwa katikati ya ghuba ili maji yaonekane, wanaotaka huruka kuogelea, na kabla injini haijawashwa tena kila mtu lazima aitikie namba yake kwa sauti, maana gizani macho hudanganya. Usiku ule walikuwa ishirini na wawili.

Injini ikazimwa. Samaki wakapita chini kama michirizi ya kiberiti. Watu wakashusha pumzi, "Aaah," na mmoja baada ya mwingine wakajitosa. Kila mkono uliopunga uliwaka, kila nywele iliyotikisika ilimwaga cheche. Aliyetulia tuli hakuonekana kabisa.

"Jodian!" aliita Bascoe kutoka kwenye usukani, amejaa furaha. "Wape ile ya viatu!"

"Ya viatu! Ya viatu!" wakaitikia wenye sherehe, ambao hata hawakuijua.

Akawapa. Akaketi ukingoni, miguu majini inawaka, akasimulia vizuri kuliko siku zote: pipa, bibi, picha. Akanyamaza panapostahili kunyamazwa. Kisha akaleta kisu na vidole kumi na mchungaji, na ghuba nzima ikacheka.

"Haya, wapendwa, tupande. Namba! Moja!"

"Moja!"

"Mbili!"

Wakaitikia, wengine kwa madaha, wengine meno yakigongana. Kumi na saba. Kumi na nane.

"Kumi na tisa!"

Kimya.

"Kumi na tisa?" Jodian alisimama. "Nani kumi na tisa? Jamani, aliyekaa karibu na kumi na tisa?"

Maji yalikuwa meusi, hakuna cheche hata moja. Miaka saba hakuwahi kupoteza mtu. Akashika taa, akataka kuiwasha.

"Kumi na tisa," ilisema sauti kutoka majini, mita chache tu kutoka miguuni pake. Ilisema taratibu, bila hasira.

Jodian aliitambua kama anavyoutambua mlango wake. Namba ishirini aliiita Bascoe, baada ya kusubiri na kushangaa. Lerone, aliyesema hata mvua anaiogopa, alikamata ngazi na kupanda, maji yakimtiririka kwa mwanga ambao ulizimika mara alipoketi. Gatini Jodian alisimama mahali pake pa kazi, akiwapa wageni mkono washuke. Ilipofika zamu yake, Lerone aliupokea ule mkono kama abiria yeyote.

"Asante kwa safari, dada," alisema, akaondoka.

Bascoe alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Aliniomba nimfiche," alisema. "Alikuwa na la kukuambia tukiwa katikati. Binti, kuna nini? Nimekosea wapi?"

"Hujakosea wewe."

Jodian alimpigia Lerone simu usiku ule, ikaita mpaka ikachoka. Alipiga kesho yake. Aliandika ujumbe mrefu akaufuta, akaandika mfupi akautuma: "Nisamehe." Alama ikaonyesha umesomwa. Krismasi ikapita na kelele zake za soko la usiku na filimbi za watoto. Jodian alikula keki peke yake juu ya kitanda, redio ikiwa imezimwa. Kwenye boti wageni waliomba ile ya viatu, kwa kuwa walishaambiwa na waliowatangulia.

"Sina," aliwajibu.

"Watu wanaifuata hiyo, Jodian," alisema Bascoe.

"Haikuwa yangu, nahodha."

Tangu hapo mzee hakuiomba tena.

Mwisho wa Januari miguu yenyewe ikampeleka kwa Lerone. Karakana ya Lerone ilikuwa uchochoroni nyuma ya Water Square, friji zimepangwa wima ukutani, milango wazi. Alikuwa amepiga goti nyuma ya moja, shati jeupe, mikono imekunjwa.

"Tumefunga," alisema bila kutazama.

"Ni mimi."

"Nimejua. Unavuta pumzi kwanza kabla ya kusema."

"Lerone, nimekuja kuomba radhi. Si ya simu. Ya uso kwa uso."

Aliweka bisibisi chini, akainuka, akafuta mikono polepole kidole kimoja kimoja. "Sikukata viatu," alisema.

"Najua."

"Nilivivaa. Sikumchekesha mtu kanisani. Hakuna aliyejua. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, Jodian."

"Najua, mpenzi. Najua." Machozi yalikuwa yakishuka na hakuyafuta. "Nikuambie? Sikuwa na la kwangu. Kila jioni nawaambia watu mambo, na hakuna hata moja langu. Nina miaka ishirini na tisa, na hakuna mtu anayejua kwamba nikifika nyumbani nawasha taa kabla ya kufungua mlango, napitisha mkono dirishani, ili nisiingie gizani kwangu mimi mwenyewe. Mimi, wa kazi ya giza. Ulivyonipa lile la kwako niliona nimekuwa tajiri. Nikalitapanya kama tajiri mjinga."

Lerone alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta ndoo, akaigeuza chini juu, akamkalisha.

"Nilikusamehe kabla ya Krismasi," alisema.

"Mbona hukunipigia?"

"Kwa sababu kusamehe nimesamehe, lakini..." Akasugua shingo. "Nikiwa na neno, nakuwaza wewe kwanza. Nachukua simu. Halafu nalimeza. Si kwa kukukomoa. Linagoma kutoka tu."

"Usiku ule ulikuwa na neno gani?"

"Nilikuja na pete."

Uchochoroni muuza juisi alipita akipiga kengele. Jodian alisubiri ipite.

"Na sasa?"

"Ipo," alisema Lerone. Hakusema iko wapi, naye hakuuliza. Akamsindikiza hadi barabarani, akasimama naye mpaka gari likapatikana, akamfungia mlango wa gari kwa upole, asibane sketi yake.

Saa nne usiku simu ikaita.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Taa?"

"Nimewasha."

"Vizuri." Nyuma yake friji ilinguruma na kunyamaza. "Jodian."

"Naam."

"Leo kuna kitu..."

Alinyamaza. Jodian, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuachia kimya kipite bila kukijaza, aliufumba mdomo wake akashika simu kwa mikono miwili. Alitamani kusema niambie, sitamwambia mtu, naapa. Hakusema. Aliisikia pumzi yake ikija na kurudi, akajua kwamba mwenzake yuko pale, ameshika neno, analipima.

"Basi," alisema Lerone hatimaye. "Si kitu. Lala salama."

"Na wewe, mpenzi."

Lerone hakukata upesi. Ilipita kama dakika nzima kabla hajakata. Jodian alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni, akiitazama simu hadi kioo chake kikazima. Pengine kesho angejaribu tena. Pengine asingejaribu. Lile neno, lolote lililokuwa, Jodian alilitaka kuliko pete.