Diski ya Idil

Kikohozi cha kwanza Mutwiri alidhani ni chake mwenyewe. Alikuwa peke yake katika karakana yake ndogo kule Kinoru, saa nne asubuhi, jua limejaa mlangoni, kompyuta kuukuu za shule zimepangwa mezani. Mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mtu aliyezoea kuziba mdomo asiwasumbue wenzake. Mutwiri akagusa koo lake, akaitazama mashine iliyokuwa mbele yake, kisha akajicheka. Ile mashine haikuwa na spika. Alizing'oa yeye mwenyewe wiki iliyotangulia, kwenye mashine zote.

Kazi yenyewe aliijua vizuri mno. Shule moja ya wasichana karibu na Kianjokoma ilikuwa imemletea kompyuta arobaini zilizochoka. Badala ya kupanga mfumo wa Linux kwenye kila moja, aliupanga kwenye diski moja tu: akaweka vitabu vya masomo, menyu za Kiswahili na nembo ya shule kwenye skrini, akaondoa michezo yote. Kisha akaukunja mfumo mzima ndani ya faili moja, ambayo mafundi huiita imeji, na kuimwaga kwenye mashine zote. Zikiwashwa, zote arobaini zinaamka zikiwa pacha. Watu walimsifu kwa ujuzi huo, naye sifa hakuwahi kuzikataa.

Lakini ile diski moja haikuwa yake.

Miezi mitatu nyuma Hinda, mjane mwenye duka la vitambaa mjini Meru, alikuwa amemletea diski ya binti yake, Idil, aliyefariki kwa ugonjwa wa kifua. Ndani yake kulikuwa na sauti ambazo Idil alijirekodi akiwa hospitalini, akimsemesha mama yake. Hinda hakuwa amewahi kuzisikia. "Nitolee hizo tu, kijana wangu," alisema. "Mengine yote acha yaende." Mutwiri akaichomeka diski ile kando ya nyingine aliyokuwa akiiandaa, akaandika amri ya kumwaga imeji, na kwa pupa yake akachagua diski isiyo yake. Amri ile haiulizi mara mbili. Alipong'amua, Linux mpya ilikuwa imeandikwa juu ya kila neno la marehemu.

Angeweza kusema. Badala yake alimtazama yule mama machoni, akamwambia, "Pole, Mama Idil. Ilikuja ikiwa imekufa." Hinda akamshukuru, masikini, akamwachia na diski yenyewe, maana angeifanyia nini? Na kwa kuwa mfumo ulikuwa umekaa vizuri mle ndani, Mutwiri aliifanya hiyo hiyo kuwa mama wa mashine zote arobaini. Aibu iliyoje. Hata hivyo alikula chakula chake cha jioni akashiba.

Wiki mbili baada ya kuzipeleka shuleni, mwalimu Kanini wa somo la kompyuta alimpigia simu akinong'ona. "Fundi, kuja uone hizi mashine zako. Zinakohoa."

"Zinakohoa aje, mwalimu?"

"Kama mgonjwa. Na kuna harufu ya udi huku ndani, na hakuna mtu anachoma udi. Wasichana wamekataa kuingia."

Alifika adhuhuri. Kanini alibaki mlangoni, leso puani. Mutwiri akawasha mashine moja, ikakohoa, akaizima, ikakohoa iliyo jirani yake, ambayo hakuwa ameigusa, kisha ya tatu na ya nne, kikohozi kikisafiri safu kwa safu kama uvumi kanisani, mpaka kikafika ukutani na kuanza kurudi, na udi ukazidi kukolea hadi machozi yakamtoka, na ndipo kutoka mashine zote arobaini zisizo na spika sauti moja ya msichana ikauliza kwa upole, karibu kabisa na sikio lake, "Mama, umefika?"

Kanini alikimbia.

Jioni ile ile Mutwiri alikwenda kwa Shehe Abdishakur, mzee ambaye huwasomea wagonjwa wa majini, akamweleza yote bila kuficha. "Aliyekufa harudi," shehe alimwambia kwa sauti ya chini. "Huyo ni jini aliyekaa na yule msichana hadi akaijua sauti yake. Wewe umempa nyumba arobaini. Zifute zote, ichome diski, halafu nenda kwa yule mama ukaseme ukweli. Hilo la mwisho usiliache."

Alizifuta zote, akaanza upya kwa diski safi. Ile ya Idil akaichoma nyuma ya karakana. Chumba cha shule kikatulia, Kanini akatuma ujumbe wa shukrani.

La mwisho likamshinda. Kabla ya kuzifuta alikuwa ameirekodi ile sauti kwa simu, akaitia kwenye flashi, akaipeleka dukani kwa Hinda. "Nimebahatika, Mama Idil. Nimeipata." Hinda aliikumbatia ile flashi kifuani, akalia. Mutwiri aliondoka moyo mwepesi, akalala usingizi mtamu siku tisa.

Siku ya kumi alilikuta duka limefungwa. Majirani wakasema lina wiki. Akaenda nyumbani kwa yule mama, na harufu ya udi ikampokea tangu kwenye lango. Hinda alifungua mlango kidogo tu. Alikuwa amekonda.

"Mama Idil," Mutwiri alisema, "nilikudanganya. Diski niliifuta mimi, kwa mkono wangu. Na hiyo sauti si Idil. Nakuomba unirudishie."

Hinda hakushtuka. "Najua si yeye," alijibu polepole. "Mimi na mwanangu tulizungumza Kisomali. Aliniita hooyo tangu ajue kusema. Huyu ananiita mama, kama wateja wa dukani."

"Sasa mbona bado unamsikiliza?"

"Wewe uliniachia nini kingine?"

Mutwiri alisimama pale, mikono inaning'inia, akatamani Hinda amtukane, amfukuze, lolote. Ndani, gizani mwa sebule, mtu akakohoa kikohozi kikavu, akiziba mdomo.

"Mama, ni nani huyo?"

"Ni yule aliyekuleta," Hinda akajibu, akafunga mlango.