Spika za Harusi za Sopan

Haya jamani, sogeeni mnisikilize, maana kijiji chetu cha Karanjwadi bado kinasimulia jambo hili.

Mwaka ule wa korona shule ilifungwa, lakini asubuhi zetu zilikuwa na raha yake. Mwalimu Shubhangi aliazima spika za harusi za Sopan, zilizolala bure kwa kukosa sherehe, zikafungwa juu ya mapaa kijiji kizima. Yeye alikaa na maiki barazani kwa Sopan, watoto wakakaa kila mmoja barazani kwao. Akiuliza swali, walijibu kwa kelele kutoka huko huko majumbani. Akitoa jibu la uongo makusudi, walipaza sauti, "Siyooo!" mpaka ng'ombe wakakurupuka.

Fundi wa mitambo alikuwa Manjiri, binti wa Sopan. Baba yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuwasha na kuzima. Manjiri alikuwa na hamu moja tu: afanye mtihani wa darasa la kumi, aje awe mwalimu kama Shubhangi. Kila asubuhi aliruka kitandani kabla hajaitwa.

Siku moja Sopan akarudi kutoka sokoni akichekelea.

"Mama Manjiri, bahati hiyo! Serikali imesema harusi ni watu hamsini tu. Hakuna kulisha kijiji, hakuna farasi wa bwana harusi wala bendi. Tumwoze sasa hivi! Kesho watu wa bwana harusi wanakuja kumtazama."

"Manjiri huyu huyu? Baba Manjiri, mtoto ana miaka kumi na mitano!"

"Nani atamhesabia? Tutasema kumi na minane. Wewe watengenezee wageni pohe, basi."

Mnauona ubahili huo? Mtu kaona gharama ya karamu imeshuka, anataka kumkatizia mwanawe masomo papo hapo! Manjiri aliyasikia yote jikoni, akalia mpaka kwikwi ikamshika.

Kesho yake Mwalimu akaombwa apumzike. Wageni wakaketi barazani. Manjiri akavishwa sari ya mama yake, akakabidhiwa sinia la pohe, ule mchele bapa uliokaangwa kwa viungo, kama ilivyo desturi ya kutazamwa mchumba. Maiki ilikuwa pale pale pembeni, imefunikwa kitambaa. Akainama kuweka sinia, na kidole chake kikabonyeza swichi.

"Na umri wa binti?" akauliza mama wa bwana harusi. Swali likavuma juu ya mapaa yote.

"Kumi na minane kamili, dada," Sopan akajibu, kabla hajatambua kwamba sauti yake imefika hadi kisimani.

Lo! Watoto hawakuzoea kuulizwa na spika ile wakanyamaza. Kila baraza ikalipuka: "Siyooo! Kumi na mitanooo!"

Mama wa bwana harusi akasimama wima. "Makubwa haya! Mnataka mwanangu afungwe? Twendeni!" Wakaondoka, pohe haijaguswa.

Sopan akamgeukia bintiye, macho mekundu. "Wewe ndiye uliyewasha?"

Manjiri hakurudi nyuma. "Ndiyo, baba. Si ulinifundisha mwenyewe? Nataka kusoma!"

Na hayo pia kijiji kizima kikayasikia. Makofi yakaanza nyumba hii, yakapokewa nyumba ile, vigelegele juu. Mwalimu Shubhangi akaja mbio, barakoa imemshuka kidevuni. Mama Manjiri akasimama kando ya mwanawe, akamshika mkono. Sopan alijiinamia, aibu imemjaa. Mwishowe akaichukua maiki.

"Watoto," akasema, "Manjiri aolewe, au asome?"

"Asomeeee!"

"Jibu sahihi," akasema Sopan, akampa Mwalimu maiki.

FUNZO

Wazazi wenzangu, wakati wa dhiki walimu walihangaika ili mtoto asipoteze hata somo moja. Tusiwe sisi wa kumpotezea maisha yote kwa kukimbilia unafuu. Gharama ya harusi ikishuka, umri wa mtoto haupandi.